Mvua inanyesha, nina buku mbili na hamu ya zege: nile nini?

SWALI: Shikamoo dada. Mi kijana wa miaka 24, napanga chumba Kigogo, kazi yangu kupakia mizigo kwenye ghala. Leo nimerudi nimelowa chapachapa, mvua tangu saa kumi haijakata na sa hivi ni saa mbili usiku. Mfukoni nina buku mbili tu, yani 2,000, nauli ya kesho nimeshaitenga, kesho jioni ndo tunalipwa, na mchana kazini huwa tunapewa wali maharage saa saba. Hapa nje kuna banda la chipsi, harufu inaingia mpaka ndani na nina hamu ya zege mpaka naona aibu. Zege, yani chipsi zilizokaangwa na mayai, la mayai mawili 2,500, chipsi kavu 1,500, pembeni yake kuna mzee wa mihogo na mwingine wa supu ya pweza. Jamaa wa chipsi ananijua, kaniambia chukua tu, hiyo jero (500) inayopungua utaleta. Ila mama alinifundisha msimu wa mvua nisile vya barabarani. Hii ni njaa au tamaa? Nile nini kwa hela hii nishibe na nisiumwe, na nikope au nisikope?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana na kulowa. Kama bado umevaa hizo nguo za kazini vua kwanza, jifute, vaa kitu kikavu hata msuli tu, afu ndo uendelee kusoma. Maji yanabeba joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo hata hapa Dar ambapo usiku wa masika unacheza kwenye nyuzi 22 au 23 tu, mtu aliyelowa anatetemeka kama yuko kwenye baridi la Makete, na mwili unaotetemeka unachoma kile ulichokula mchana ili ujipashe. Sehemu ya hicho unachokiita hamu ni baridi. Ukikauka utaona kichwa kinatulia na utachagua vizuri.

Sasa njaa au tamaa. Umekula saa saba, sa hivi saa mbili usiku, hapo katikati umebeba mizigo na umetembea kwenye mvua. Masaa saba hayo. Hiyo ni njaa mdogo wangu, usijitukane. Kuna homoni inaitwa ghrelini, Wajapani ndo waliigundua mwaka 1999, inatengenezwa zaidi na tumbo lenyewe na kazi yake moja ni kupeleka taarifa kwenye ubongo kwamba huku chini hamna kitu. Inapanda tumbo likiwa tupu lakini inapanda pia ule muda uliozoea kula ukikaribia, yani kama kila siku ukishuka kwenye daladala unapita pale bandani, tumbo limeshakariri ratiba, hata siku usipopita linakukumbusha lenyewe. Afu juu ya hapo inakuja harufu. Kiazi kikiingia kwenye mafuta ya nyuzi 170 au 180 maji ya juu yanakauka, sukari yake na protini zinaungana zinatengeneza ile rangi ya kahawia na mamia ya harufu ndogondogo zilizochanganyika, Mfaransa mmoja anaitwa Maillard alilieleza jambo hili mwaka 1912 na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Ni kitu kilekile kwenye mishkaki, kwenye hindi la kuchoma, kwenye ganda la mkate. Na leo kuna mvua, jiko limesogezwa ndani chini ya turubai, moshi hauna pa kupandia unatambaa chini unaingia madirishani kwenu. Mi kazi yangu ni usalama wa chakula, miaka mingi nazunguka kwa mama lishe na wakaanga chipsi naangalia na kufundisha, na bado mvua ikinyesha jioni kitu cha kwanza kuniijia ni chipsi. Usione aibu kabisa.

Kwa hiyo utakula, na utakula cha nje. Tupange ni kipi na unakichukuaje.

Mama yako hakukosea. Mvua kubwa ikinyesha chemba zinafurika, visima vifupi vinaingiliwa, na wapo watu wanaosubiri mvua ndo watapishe vyoo ili maji yabebe. We unakaa Kigogo, bonde la Msimbazi liko hapo, haya hujasimuliwa umeyaona kwa macho. Uchafu ule ukiingia kwenye maji ya kuoshea nyanya au ya kusuuzia sahani ndo tunapata kuhara, homa ya matumbo na kikija kibaya zaidi kipindupindu. Kile cha Agosti 2015 kilianza hapahapa Dar, Kinondoni, afu kikasambaa mikoa mingi na Zanzibar kikafika, na Agosti wala sio mwezi wa mvua, kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba kiangazi yuko salama, ila mvua inazidisha kwa sababu inachanganya maji machafu na masafi.

Lakini ukisikiliza vizuri hayo maelezo utaona kinachobeba ugonjwa ni maji na mikono. Chakula kuuzwa nje peke yake hakukifanyi kiwe kibaya, mi nimeona majumbani kwa watu vigae mpaka ukutani na wali umekaa kwenye sufuria tangu asubuhi. Mdudu wa kipindupindu hawezi moto. Shirika la Afya Duniani wanasema chakula kifike nyuzi 70 mpaka katikati, na kikishapikwa kisikae nje kwenye hali ya hewa ya kawaida zaidi ya masaa mawili, maana kati ya nyuzi 5 na 60 ndo wadudu wanapozaliana, na joto la Dar liko humohumo mchana na usiku. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu mwenye hela ndogo usiku wa mvua ni huu, nunua moto. Hela yako yote iende kwenye kitu kinachotoka motoni kinakuja mkononi kwako bila kupita popote, hakijakaa kwenye beseni, hakijakatwa tangu jioni, hakijachanganywa na maji ya ndoo. Ukishalishika hilo mengine yote unayapanga mwenyewe.

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu chipsi wanauliza mafuta. Dada yale mafuta meusi vipi, yamekaangia wiki nzima. Ni kweli sio mazuri, yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi wake unawasha macho basi yamechoka, na mtu anayeyala kila siku kwa miaka anaulipia moyo wake. Ila mafuta hayatakulaza na dripu kesho asubuhi. Kitakachokulaza ni kachumbari.

Hebu nenda ukaiangalie, we tazama tu usiseme kitu. Bakuli la plastiki, ndani nyanya, kitunguu, kabichi, karoti kidogo. Mara nyingi imekatwa saa kumi kabla wateja hawajaanza kuja, nyanya zimeoshwa kwa maji ya ndoo ambayo jioni ile hamna anayekumbuka yamechotwa wapi, ubao uliokatiwa ndo huohuo ulikatiwa nyama ya mishkaki. Kijiko ni kimoja na kila mteja anakishika. Sa hivi saa mbili ina masaa manne mezani. Ukiinamisha bakuli kidogo utaona pale chini maji yamejitenga, yana wekundu wa nyanya na vipande vya kitunguu vinaelea. Hayo maji hayajawahi kuona moto hata sekunde moja, na ndo yanayomwagiwa juu ya chipsi zilizotoka nyuzi 170. Yani moto umefanya kazi yake yote afu tunakuja kuiharibu mwishoni kwa kijiko kimoja.

Wengine wananijibu mbona imetiwa ndimu. Ndimu inasaidia kweli, wale wadudu hawapendi uchachu, na Guinea-Bissau wakati wa kipindupindu watafiti waliona watu waliokuwa wanakula wali na mchuzi wenye ndimu waliugua kwa uchache kuliko wasiotia. Ila ule ni uchachu uliokolea ndani ya chakula. Ya bandani ni ndimu moja kwa bakuli la watu 40, usiitegemee. Ukitaka uchachu omba ndimu nzima ikatwe mbele yako ukamulie mwenyewe.

Na ile chupa ya tomato nayo iangalie. Ukiibinya ikitoka nzito inang'ang'ania ni sawa, ikitoka inatiririka kama juisi imeongezwa maji ili isogee mpaka mwisho wa wiki, na maji yenyewe ni ya ndoo ileile. Usiku wa leo iache. Chumvi kavu haina shida. Pilipili kama imepikwa na iko jikoni inachemka chukua, kama ni ya kusaga mbichi iko kwenye kopo iache na yenyewe. Najua unaona kama natoa utamu wote, zege bila kachumbari linakuwa limepungukiwa, hilo silikatai. Kama ndani una kitunguu na nyanya na una maji uliyoyachemsha, nawa mikono kwa sabuni, osha hivyo kwa maji hayo, kata, tia chumvi, hiyo ndo kachumbari yako na haikugharimu kitu.

Tuje kwenye hela. Chipsi kavu 1,500, zege 2,500, maana yake kila yai anakuhesabia jero. Sasa hamna sheria inayosema zege lazima liwe la sahani nzima na mayai mawili. Mwambie kaka nipigie chipsi za buku na yai moja. Hapo ni 1,500 na jero inabaki kwa ajili ya asubuhi. Wakaangaji karibu wote wanakubali hasa usiku wa mvua ambao wateja hamna, na anayekujua mpaka anataka kukukopesha hawezi kukukatalia. Kipimo chako ni theluthi mbili ya chipsi za kawaida, na yai moja kwa kiasi hicho linatosha kushika, tena linashika vizuri kuliko zege kubwa ambalo katikati limebaki bichi.

Afu simama uangalie anavyopika, hii ndo sehemu ambayo nataka uwe makini. Chipsi za mjini zinakaangwa mara mbili. Kwanza jioni wanazikaanga zote nusu, zinawekwa kwenye kabati la kioo zinasubiri, ukija ndo zinarudishwa kwenye mafuta. Siku ya kawaida hilo lundo linaisha haraka. Siku ya mvua lundo lipo pale tangu saa kumi na moja, limepoa, limelegea, na mkaangaji akiona jiko linasumbuliwa na upepo ana kishawishi cha kuzipitisha kwenye mafuta dakika moja tu akupe. Mwombe kwa heshima azirudishe zikae mpaka zikauke. Utajua kwa sikio. Zikiingia mafuta yanapiga kelele kubwa, ile shaaa, hayo ni maji ya ndani ya kiazi yanatoka kama mvuke. Kelele ikianza kupungua, mapovu yakawa madogomadogo, na chipsi ukizisikia zinagongana kwenye chujio zinalia kama vijiti, hapo ziko tayari. Zikiingia na mafuta yakanyamaza, ujue mafuta hayana moto, zitanyonya tu, utakula mafuta na buku yako imeenda. Na usisimame karibu na karai upande ambao turubai linavuja, tone moja la mvua likianguka kwenye mafuta ya moto linageuka mvuke na kutanuka mara kama 1,700, mafuta yanaruka usoni. Nimeshaona kijana ameungua hivyo kope zote, na alikuwa mteja tu.

Yai analipasulia kwenye kikombe, anapiga na uma, anamimina juu ya chipsi kwenye frampeni. Kikombe hicho ndo hichohicho tangu jioni, kina mabaki ya mayai ya watu wote waliotangulia, kwa hiyo mwambie alikaushe pande zote mbili. Anageuza, anagandamiza, anaacha. Ukimega katikati kusiwe na ute unaovuta. Yai likiiva hivyo huna cha kuogopa.

Sahani beba ya kwako kutoka ndani pamoja na uma, we si unakaa hapohapo. Sahani za bandani zinasuuzwa kwenye ndoo mbili, ya kwanza ina povu na ya pili nayo kufika saa mbili ina povu, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 wengine wanakufungia kwenye karatasi yoyote iliyopo hata yenye maandishi ya wino. Ukienda na sahani yako hamna atakayekushangaa, mimi naenda nayo. Na mkono wa mtu anayepokea hela ukiwa ndo huohuo unaoshika chipsi, mpe hela mwishoni kabisa ukishapokea chakula.

Utashiba? Nakupigia hesabu ya haraka. Gramu 100 za chipsi zina kalori kama 300, kipimo chako cha buku tuseme gramu 200, hapo una 600, yai linaongeza 70 na kama gramu 6 za protini. Kwa mtu anayebeba mizigo sio chakula cha siku ila kwa usiku unalala vizuri. Kula polepole, na kunywa maji yaliyochemshwa kabla, glasi moja, au ukiweza pasha maji utie tangawizi, chai ya rangi ya moto inakupasha ndani na mdomo unaona umekula zaidi.

Ukiniuliza kama mtu wa lishe tu bila kuangalia hamu yako, ningekwambia chapati mbili na maharage ya jero, mtaani kwangu ni buku na jero vilevile, maharage yana protini kuliko hilo yai moja na yanakaa tumboni muda mrefu. Ila mchana umekula maharage na kesho mchana utakula maharage, na nimejifunza kwa watu wengi kwamba ukila kitu kwa sababu umeambiwa ni kizuri huku hamu iko kwenye kingine, saa nne usiku unatoka tena kutafuta kile kingine na hela inaondoka mara mbili. Kwa mwenye mshahara wa mwezi hilo linavumilika. Wewe una buku mbili, kula unachokitaka mara moja, kipimo kidogo, kilichopikwa vizuri, ulale.

Mzee wa mihogo sijamsahau. Mihogo ya kukaanga kwa mwenye njaa na hela ndogo ni rafiki mkubwa, inajaza, inatoka kwenye mafuta moja kwa moja, ile ya Coco Beach watu wanaifuata kwa magari. Shida yake protini karibu hamna, ukila mihogo peke yake utashiba haraka na njaa itarudi usiku. Sasa kama jamaa wa chipsi mafuta yake yamezimika au lundo lake limelala, hapo ndo uhamie pale, mihogo ya jero na kikombe cha supu ya pweza cha buku kama ndo bei yao. Supu inayochemka muda wote ni moja ya vitu salama kabisa barabarani, hakikisha tu anaichota ikiwa inatokota na kikombe anakimwagia maji ya moto kwanza. Yale maneno kwamba supu ya pweza inaongeza nguvu za kiume usiyalipie hela, hamna ushahidi huo, lipia joto na chumvi na kile kipande cha nyama. Muhogo ukiumega ukausikia mchungu mdomoni tema, usiumalizie kwa kuona uchungu wa hela, muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi na kukaanga hakuiondoi yote.

Mishkaki leo hapana. Jiko la mkaa kwenye mvua linapoa, mkaa wenyewe umelowa, nyama inapata rangi nje ndani bado, na imekaa kwenye viungo bila barafu tangu mchana.

Kuna msomaji wa Unguja aliwahi kuniuliza swali kama lako kuhusu urojo na kuna wa Mombasa aliniuliza viazi karai, nawajibu na nyie hapahapa maana mvua ni ileile. Urojo wenyewe, ule mchuzi wa manjano wenye uchachu wa embe au ndimu, ukiwa unachemka ni salama sana, wasiwasi uko kwenye vinavyowekwa juu, chatne ya nazi mbichi iliyokaa na kachori zilizopoa. Waambie wakuzamishie kachori na bajia kwenye urojo wa moto zikae kidogo, chatne ya nazi waiache. Na viazi karai nunua vinavyotoka kwenye karai, ile rojo ya ukwaju iwe imepikwa. Mnaona ni jambo lilelile, mnafuata moto.

Halafu wapo watakaosema apike mwenyewe ndani ni bei rahisi. Ni rahisi kweli ukiwa na jiko linalowaka na mafuta yapo. Fungu la viazi, yai, mafuta ya kupima, ukijumlisha unakaribia 1,500 ileile kwa sababu huna kitu cha kuanzia, na utazame vilevile viazi mviringo vinatoka mbali, Mbeya, Njombe, Iringa, barabara zikiharibika na mvua fungu linakuwa dogo. Kama una mafuta kidogo ndani, fanya hivi siku nyingine: kata viazi vyembamba, chemsha dakika tano kwenye maji ya chumvi, mwaga maji, viache vikauke mvuke, afu vikaange kwa vijiko vitatu vya mafuta bila kuvigeuzageuza, mimina yai. Ni tamu. Haiwi kama ya karai kwa sababu karai lina mafuta mengi yanayotunza moto na frampeni yako ikipokea viazi inapoa palepale, ila ni tamu, na mafuta unayajua. Leo umechoka na umelowa, sikwambii uanze kumenya viazi.

Ikitokea ukaumwa, maana hata mtu akijitahidi inatokea, dalili za kipindupindu zinaweza kuanza ndani ya masaa machache mpaka siku tano, kuhara kwingi mfululizo kama maji yaliyooshea mchele, mara nyingi bila maumivu makali ya tumbo. Usikae ndani ukisubiri kupambazuke. Anza kunywa maji ya chumvichumvi palepale, pakiti za duka la dawa au utengeneze, lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, visiwe vijiko vya kujaza kilima, na uende kituo cha afya huku unakunywa.

Limebaki la kukopa. Hapa naongea kama mtu ninayekaa na hawa wakaangaji na naona madaftari yao. Usiku wa mvua ndo usiku wao mbaya kuliko yote. Viazi vimeshamenywa vyote, haviwezi kurudi kuwa vibichi, mkaa umewashwa, mafuta yako karaini, na wateja wako ndani kama wewe. Hela anayoipata usiku ndo anayotoka nayo alfajiri kwenda kununua viazi vya kesho na trei ya mayai, hana akiba nyingine pembeni, wengi wao mtaji wote uko kwenye lile karai. Jero kumi za watu kumi wanaojuana naye ni 5,000, na kesho yake ananunua viazi pungufu, kipimo kinapungua, watu wanalalamika. Kakwambia chukua kwa moyo mzuri na pia kwa sababu bora akuuzie wewe kwa deni kuliko zikalala kwenye kabati. Kwa hiyo usikope. Ile ya buku na yai moja unamlipa yote taslimu na kwake usiku huu taslimu ina maana kubwa. Kesho jioni ukilipwa, kama mvua bado inanyesha, rudi ukale la mayai mawili na umlipe hapohapo.

Jero iliyobaki iweke chini ya simu usiiguse. Asubuhi kabla ya daladala pita kwa mama anayeuza chai, chukua ya rangi yenye tangawizi na andazi ambalo bado linatoka kwenye mafuta. Sasa nenda, wakaangaji siku za mvua wanafunga mapema, na usisahau sahani.